Utalii kwa telefone: programu ianze na jamaa ya mfanyakazi

Kobalti ya Kolwezi inaingia ndani ya betri za telefone za dunia nzima. Lakini mfanyakazi wa mugodi akipata konje ya siku tatu, telefone yake haimwambii namna ya kufika na bibi na watoto kwenye maporomoko ya Lofoi.

Mali ya kutembelea iko. Hifadhi ya Kundelungu, ya tangu 1970, iko na Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya metre 300. Upemba, ya tangu 1939, inalinda punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Vijana wetu wa informatike wanaweza kutengeneza programu ya safari hizi. Sisi tunaomba mambo matatu.

Kwanza, rezo. Njiani kule inakatika. Basi ramani ishushwe mjini, iwe nyepesi. GPS inafuata satelite, haiombi intaneti.

Pili, majira. Wakati wa mvua maji ya Lofoi ni mengi, lakini njia ni matope. Mwisho wa kiangazi njia ni kavu, na maji yamepunguka sana. Programu iseme ukweli huu mwezi kwa mwezi. Ikificha matope, jamaa ya kwanza itakwama, na ya pili haitatoka nyumbani.

Tatu, bei. Mama anayeshika mfuko wa nyumba anataka kujua yote mbele ya kutoka: kuingia, mafuta, kulala, chakula. Iandikwe kwa franka na kwa Kiswahili, alipe kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, apate resi. Hapo hakuna mabishano kwenye barieri.

Juu ya nini tunasema haya kwa watu wa mugodi? Mugodi wa Kipushi ulisimama 1993, na zenki ilirudi kutoka 2024 tu. Utalii hauwezi kulisha mji kama mugodi, lakini kiongozi wa njia, mpishi na mwenye kukodisha gari wanapata kazi ambayo haifuati bei ya madini.

Kwa hiyo, ninyi wenye kutengeneza, mbele ya kumaliza pelekeni jamaa moja ya mfanyakazi mpaka Lofoi, na telefone yao ndogo. Pale watakapokwama, njo pa kurekebisha.