Tillie alikula saa ngapi?

Jamani, juzi nilikuwa Same kwa shangazi. Binamu yangu alikuwa anamleta mchumba wake nyumbani kwa mara ya kwanza.

Mchumba mwenyewe Msukuma. Wiki nzima simu za ukoo hazikulala: kwani vijana wa Kipare wameisha? Halafu mtu akadokeza kwamba kijana ni injinia. Basi! Kabila likasahaulika pale pale, shangazi akaanza kuulizia bei ya mbuzi.

Usiku, wageni wakiwa wameshaondoka, nikawasha laptopu tuangalie Guess Who's Coming to Dinner ya mwaka 1967. Niliichagua kwa utani. Binti wa Kizungu wa San Francisco anamleta nyumbani mchumba mweusi, Sidney Poitier, na wazazi wanapata kigugumizi. Wakati inapigwa, ndoa ya namna hiyo ilikuwa bado kosa la jinai katika majimbo kadhaa ya Marekani. Mahakama ya Juu ilizifuta sheria hizo Juni 12 mwaka huo huo.

Wengi wanaisifu kwa kupiga vita ubaguzi wa rangi. Sawa. Ila hebu mtazameni mweusi waliyemchagua: daktari mwenye sifa za kimataifa. Baba yake alikuwa mpeleka barua wa posta. Je, kama mchumba angekuwa mpeleka barua? Mimi nasema filamu ingeisha mlangoni. Rangi ilisamehewa kwa sababu ya shahada, kama sisi tulivyolisamehe kabila.

Dada wa kazi wa shangazi, binti wa kutoka milimani Mbaga, alikuwa anaangalia amesimama mlangoni. Hajui Kiingereza, mimi ndiye niliyekuwa namtafsiria. Mwishoni akaniuliza: "Kaka, yule mama anayepika, yeye alikula saa ngapi?"

Nilikosa jibu. Yule mama ni Tillie, mfanyakazi mweusi. Mwenye nyumba anamwita aketi asikilize hotuba yake, kwa kuwa ni mwanafamilia kwa miaka 22. Hotuba nzuri sana ya mapenzi. Ikiisha tu, Tillie huyo huyo anaulizwa chakula kitakuwa tayari lini. Filamu inaisha hapo.

Na sisi je? Mchana ule binti huyu alipika makande, pilau na mbuzi, akala jikoni, sahani juu ya magoti. Shangazi alimwambia mgeni kwa fahari, "Huyu ni kama mwanangu." Mimi niliyekaa karibu na yule injinia, mwandishi wa habari ninayeandika kila siku kuhusu haki, nilitikisa kichwa kukubali.

Asubuhi nilibeba chai yangu nikaenda kunywa jikoni. Shangazi akaniuliza kama naumwa.

Nikuulize na wewe msomaji: kwenu, anayepika anakula saa ngapi? Na anakulia wapi?