Wanabeba Mchanga, Jua Linabeba Maji

Sisi tunaoishi kando ya mito ya mchanga ya Makueni na Kitui tumechoka. Lori huingia mtoni usiku, taa zimezimwa, na kukipambazuka tunakuta shimo pale tulipokuwa tukiteka maji. Tukilalamika tunajibiwa kwamba mchanga ni wa Mungu, na mvua ikinyesha utajaa tena. Jibu hili tumelisikia kwa madalali, kwa vijana wanaopakia, na hata kwa watu wenye ofisi ambao kazi yao ni kuulinda mto.

Asiyezaliwa huku akiutazama mto wetu mwezi wa Septemba atasema umekufa. Hutiririka siku chache tu mvua za Novemba na za Aprili zinaponyesha, kisha juu hukauka kabisa. Lakini mwenyeji huchagua mahali kwenye kona ya mto, akachimba kwa sepetu. Kwanza hutoka mchanga mkavu, wa moto, unaoporomoka kila unapouchota. Akifika kina cha mkono, mchanga hubadilika rangi na kuanza kushikana. Akiendelea, maji hutokeza chini taratibu, naye hukaa pembeni na kata yake, akingoja yatulie ndipo aanze kujaza mtungi. Akimaliza huzungushia miiba, mbuzi wasije wakaharibu.

Kinachoyahifadhi maji hayo ni mchanga wenyewe. Jua likipiga mchanga uliolowa, tabaka la juu hukauka upesi, na likishakauka huwa kama kifuniko cha sufuria. Punje za mchanga wetu ni kubwa na nafasi kati yake ni pana, kwa hiyo maji hayawezi kujivuta kwenda juu zaidi ya sentimita chache. Yanayobaki chini hutoka kwa mvuke tu, tena polepole sana. Vipimo vilivyofanywa Namibia mapema miaka ya 1970 vilionyesha kwamba maji yakiwa sentimita 60 chini ya uso wa mchanga, yanayopotea ni kama sehemu moja tu ya kumi ya yale yanayopotea katika maji yaliyo wazi. Sasa linganisheni na silanga zetu, yaani mabwawa ya maji yaliyo wazi. Ukanda huu jua hunyonya karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye bwawa lililo wazi. Silanga yenye kina cha mita moja na nusu itafika wapi?

Ndiyo maana wazazi wetu walijenga mabwawa ya mchanga, kuta za mawe na saruji zinazokatisha mto ili mchanga ujae nyuma yake. Akina mama wa vikundi walibeba mawe kichwani. Mchanga wa punje kubwa ukijaa vizuri, zaidi ya robo ya ujazo wake ni maji unayoweza kuteka, na mbu hawana pa kuzalia. Kazi hiyo watu wamekuja kuiangalia kutoka nchi za mbali. Leo lori linasimama hatua chache kutoka kwenye ukuta uleule na kupakia.

Na huo mchanga unaosemwa utarudi, haurudi kama ulivyokuwa. Mafuriko ya kwanza huleta matope na udongo laini kutoka mashamba yaliyomomonyoka. Udongo laini huyashika maji kwa nguvu, hayatoki kisimani ukichimba. Tena huyavuta kwenda juu mbali zaidi kuliko mchanga, jua likayapata. Maji yakitoka kwa njia hiyo huacha chumvi yake, na sehemu nyingine tumeanza kuuona utando mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Palipochimbwa hadi mwamba hapabaki chochote cha kushika maji: mvua hupita mbio, na dimbwi linaloachwa hukauka kabla ya shule kufungwa. Visima vya kando navyo hushuka, kwa sababu viliishi kwa maji ya mto. Hapo mama anatembea na punda hadi mto wa pili, na huko anakuta foleni.

Hatuchukii ujenzi. Nyumba zetu pia zina saruji, na vijana wanaopakia ni watoto wetu, wanalipwa pesa kidogo kwa mzigo unaouzwa Nairobi kwa bei nyingine kabisa. Lakini sheria ipo. Miongozo ya taifa ya kuvuna mchanga ni ya mwaka 2007, na Makueni ilipitisha sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Lori zinazopita usiku mbele ya vizuizi zinapitaje? Tumeuliza barazani mara nyingi, tukaambiwa tuandike barua, tukaandika.

Tunataka kibali cha kila lori kibandikwe kwa chifu, kisomwe na kila mtu, pamoja na mahali palipoidhinishwa na kina chake. Tunataka sehemu zote za mto zilizo karibu na mabwawa ya mchanga na visima vya jamii zifungwe kabisa, bila kibali cha aina yoyote. Na wakaguzi waje Septemba, wachimbe wenyewe pale lori zilipopita, watuonyeshe maji.