Wazee Wasitishwe na Kisu

Makala inayowashauri wazee wa Isaka wanywe mizizi na wakimbie upasuaji wa tezi dume, eti unamaliza nguvu za kiume, inawapotosha. Mzee anayeamka usiku mara nne, akasimama chooni mkojo ukidondoka tone kwa tone kwa sababu tezi imekua, ana tiba. Dawa ya tamsulosini hulegeza misuli ya njia ya mkojo. Nafuu huja ndani ya siku chache. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, ila huhitaji miezi 6 hivi. Dawa zikishindwa, kuna upasuaji katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Wengi hubaki na nguvu zao, ingawa mara nyingi shahawa huingia kibofuni, na hilo waambiwe wazi mapema. Anayengoja mkojo uzibe kabisa huishia kuwekewa mpira wa mkojo, figo zikiwa hatarini. Na saratani ya tezi dume, ambayo dalili zake hufanana, nani ataipima huku mzee akichemsha mizizi?