Pumzi ya Mtoto Isipimwe kwa Gramu za Dhahabu

Mwezi Desemba 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha gesi ya zenoni iliyotayarishwa maalum ili mgonjwa aivute, na mashine ya sumaku ipige picha ya jinsi hewa inavyoenea ndani ya mapafu yake. Idhini hiyo ilihusu watu wazima na watoto wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Walio chini ya umri huo hawakuingizwa katika idhini hiyo ya kwanza.

Utaratibu wa kazi hiyo una funzo kubwa. Gesi hupimwa kwanza. Mtoto huivuta na kuzuia pumzi kwa sekunde chache, huku oksijeni iliyomo katika damu yake ikiangaliwa, kwa kuwa zenoni huchukua nafasi ya oksijeni kwa muda huo mfupi. Gesi yenyewe haina mionzi, na mtoto huitoa anapopumua. Hata hivyo, hakuna mtaalamu aliyethubutu kusema kwamba pumzi moja si kitu.

Huko Geita na Kahama iko gesi nyingine ambayo watoto huivuta bila kipimo, bila daktari, na bila idhini ya mtu yeyote. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, akapata donge, kisha akalichoma. Zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu ikabaki. Mvuke huo hauna harufu, na kiasi cha asilimia 80 ya unaovutwa hupenya mapafuni na kuingia katika damu. Hudhuru ubongo, neva na figo. Mtoto, ambaye ubongo wake ungali unakua, ndiye anayeumia zaidi.

Habari hizi si ngeni. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto waliokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mwaka 2015 watafiti waliopima vumbi la mawe katika machimbo madogo nchini Tanzania waliona kwamba wachorongaji wa chini ya ardhi huvuta vumbi la silika linalozidi kiwango kinachopendekezwa kwa zaidi ya mara 300. Vumbi hilo huyatia mapafu makovu na kuufungulia mlango ugonjwa wa kifua kikuu.

Wapo wanaodai kwamba mtoto humsaidia mzazi wake, na kwamba njaa haisubiri semina. Umaskini huo ni wa kweli, wala haufai kubezwa. Lakini dhahabu inayopatikana kwa kumtia mtoto sumu haiondoi umaskini. Huuhamisha tu kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Wala dawa si kuwafukuza wachimbaji. Kipo kifaa kilichofungwa ambacho hunasa mvuke wa zebaki na kuurudisha kuwa majimaji yanayotumika tena. Anayekitumia huokoa afya na fedha kwa pamoja.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari, za migodini zikiwamo. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliutia saini mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020, unadai hatua za kukomesha uchomaji wa zebaki katika makazi ya watu na kuwalinda watoto. Lakini sheria iliyofungiwa kabatini haizuii moshi.

Hapo ndipo mwalimu na mtumishi wa serikali wanapohitajika. Daftari la mahudhurio ni kipimo cha kwanza: mwanafunzi anayetoweka kila wiki hana budi kufuatwa, si kuchapwa. Mganga wa zahanati anayemwona mtoto akitetemeka mikono au akikohoa mfululizo amwulize mzazi donge huchomewa wapi. Ofisa wa madini anayekagua mwalo asiishie kwenye leseni na ushuru. Atazame pia nani ameshika zebaki, na kama moto unawashwa jikoni pa familia. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Ikiwa pumzi moja iliyopimwa inahitaji walinzi wote wale, basi maelfu ya pumzi zisizopimwa za mtoto wa Geita zinahitaji, kwa uchache, mtu mzima mmoja wa kuuzima moto ule.