Tuelezwe krediti kabla ya kuchagua fani

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nasoma shahada kwa njia ya masafa, usiku, watoto wakishalala. Mwaka wa pili nilihama kutoka sosholojia kwenda elimu, na masomo matatu niliyokwisha kufaulu hayakuhesabiwa. Hakuna aliyenieleza mapema. Hapa Tanzania krediti 1 ni saa 10 za masomo, na shahada ya kwanza inadai krediti zisizopungua 360, yaani saa 3,600. Kwa mtu mwenye ajira na familia, huo ni usingizi wa miaka! Naomba vyuo vitangaze kabla ya usajili masomo yapi yanahamishika, na washauri wapokee simu jioni, tukishatoka kazini.

Mwalimu,
Kasulu, Kigoma