Wakili wa Mshtakiwa Asiye na Fedha

Watu wengi wadhani ya kuwa wakili ni wa wenye mali tu, na ya kuwa maskini akishtakiwa hana budi kusimama kizimbani peke yake na kujitetea ajuavyo. Zamani jambo hilo lilikuwa karibu na kweli. Katiba iliyotumika Kenya kabla ya mwaka 2010 ilimruhusu mshtakiwa kuwa na wakili amtakaye, lakini ilisema waziwazi ya kuwa ruhusa hiyo haimpi haki ya kulipiwa wakili huyo kwa fedha za umma.

Hata hivyo kosa moja lilitengwa, nalo ni la kuua mtu kwa kukusudia. Kesi ya kosa hilo husikilizwa na Jaji wa Mahakama Kuu, na desturi ya miaka mingi ni kwamba mshtakiwa asiye na wakili huteuliwa mmoja na Mahakama, naye hulipwa na Serikali. Huyo si mwanafunzi wala karani, bali ni wakili kamili kama wale wenye ofisi zao mjini, ijapokuwa malipo yake hayafanani na yale ya mteja tajiri.

Mtu aliyeshtakiwa wizi wa mabavu hakuwa na bahati hiyo. Kesi yake huanzia kwa Hakimu, na desturi ile haikufika huko chini. Ajabu ni kwamba adhabu iliyoandikwa katika sheria kwa wizi huo ni kifo pia. Basi watu wawili walikabiliwa na kitanzi kimoja, mmoja akiwa na msemaji na mwenziwe hana, kwa sababu tu ya mlango walioingilia. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1987 hapana aliyenyongwa Kenya, lakini kufungwa maisha yote si jambo dogo.

Huenda msomaji akauliza, je, mtu asiye na hatia ahitaji wakili wa nini, naye aweza kusema kweli yake mwenyewe? Na tuseme mkulima ameshtakiwa kwamba usiku alivamia duka la jirani pamoja na wenziwe. Shahidi asimama na kusema, "Nilimwona kwa macho yangu." Mkulima akiambiwa amwulize shahidi maswali, mara nyingi huanza kugombana naye: "Mbona wanisingizia? Ni kwa sababu ya ule mpaka wa shamba!" Hakimu aandika, shahidi akana, na mambo yaishia hapo. Lakini wakili angeuliza mengine. Taa ilikuwa wapi, nayo iling'aa kiasi gani? Shahidi alikuwa umbali wa hatua ngapi, na alimtazama mtu huyo kwa muda gani? Alipofika kituo cha polisi asubuhi ile, je, alitaja jina lo lote? Kitabu cha polisi kikionyesha kwamba hakutaja jina, ushahidi wake waanza kuyumba. Mkalimani, ambaye mshtakiwa asiyejua lugha ya mahakama hupewa bila malipo, hawezi kumfanyia kazi hiyo. Yeye hugeuza maneno tu.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, ilibadili mambo. Yasema kwamba mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya Serikali ikiwa bila hivyo udhalimu mkubwa ungetokea, na kwamba aelezwe haki hiyo mapema. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilieleza ya kuwa wanaoshtakiwa makosa ambayo adhabu yake ni kifo wamo katika haki hiyo. Kisha ikaja Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, iliyounda Idara ya Taifa ya kutoa msaada huo.

Lakini mtu asidhani ya kuwa kila aibaye kuku atateuliwa wakili. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema kwamba haki hiyo ina mipaka. Hutazamwa uzito wa kosa na wa adhabu yake, ugumu wa kesi yenyewe, kama mshtakiwa ni mtoto, kama ajua kusoma, na kama kweli hawezi kulipa. Na sheria ile ya 2016 yasema pia kwamba kukosa wakili hakuzuii kesi kuendelea. Maneno hayo ni machungu kwa mtu aliye rumande, maana anayenyamaza aweza kukuta mashahidi wamekwisha kusikilizwa.

Kwa hiyo wakati wa kusema ni siku ile ya kwanza mbele ya Hakimu, kabla ya jamaa kuuza ng'ombe au kipande cha shamba. Mshtakiwa aseme kwamba hana wakili wala uwezo wa kumlipa, naye aombe neno hilo liandikwe. Jamaa zake nao washike namba ya kesi na jina la mahakama, kwani bila hayo ombi la maandishi kwa Idara halina pa kushikia.

Kuandikwa huko kuna faida nyingine. Kesi ikifika kwenye rufaa, majaji hulifungua jalada na kutafuta mahali ambapo Hakimu alimweleza mshtakiwa haki yake. Zaidi ya mara moja hawakupaona, wakaamuru kesi isikilizwe upya toka mwanzo, na mashahidi wote waitwe tena.