Kizuri Hakijiuzi

Ipo methali moja iliyogeuzwa kichaka cha wavivu: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni huenda ina ukweli wake. Ikihamishiwa kwa binadamu mwenye kipaji, huwa ni udhuru wa kumtelekeza. Husemwa: akiwa malenga wa kweli, ataonekana tu. Nakataa, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa Marekani.

Zora Neale Hurston, mwandishi mweusi aliyekulia Eatonville, Florida, alichapisha vitabu 7 katika uhai wake. Alikusanya ngano na misemo ya watu wake wakati wengi waliionea haya lugha hiyo. Mwaka 1950, akiwa mtu mzima mwenye jina, alikuwa mtumishi wa ndani huko Miami. Alifariki mwaka 1960 katika nyumba ya wasiojiweza, vitabu vyake vikiwa havichapishwi tena. Watu walichangishana wakamzika. Kaburi lilikaa bila jiwe hadi mwandishi mwenziwe, Alice Walker, alipoliwekea mwaka 1973. Kizuri kilikuwapo, wala hakikujiuza.

Linaloniuma zaidi ni ule mchango. Jamii ilikuwa na uwezo wa kuchanga, ila ilichelewa. Nasi ndivyo tulivyo. Twaunda kamati za harusi, twapitisha daftari la rambirambi nyumba kwa nyumba. Lakini diwani ya mshairi wa mtaani petu ikihitaji kupigwa chapa, twamwambia akatafute mfadhili.

Msiniambie kwamba kikwazo ni fedha. Mwaka 1967, jijini Chicago, kijana mshairi na wenzake walianzisha Third World Press kwa dola 400 na mashine ya kurudufisha, ya aina ile ile iliyotutolea mitihani shuleni. Baadaye kijana huyo alijiita Haki Madhubuti, jina alilolichota katika Kiswahili chetu! Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950, aliacha mchapishaji mkubwa akapeleka kazi zake kwa wachapishaji wadogo weusi. Mwaka 1996, Toi Derricotte na Cornelius Eady walianzisha Cave Canem, ambako washairi weusi, watu wazima, walikaa pamoja juma zima wakiandika na kusomeana. Wale hawakungoja kipaji kijiuze.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka 30, nami nashuhudia kwamba ukarimu wetu huishia langoni mwa shule. Mwanafunzi akitunga vizuri, twampigia makofi siku ya mahafali. Akifika miaka 40 na bado anatunga, twamuuliza ataacha lini mchezo. Kumbe vina na mizani hufundishika darasani, ila la kusema humjia mtu akishalea, akishazika, akishadaiwa. Twamtupa mshairi pale hasa anapoanza kuwa na neno.

Wengine watanionyesha tuzo. Nazishukuru tuzo, lakini tuzo huchuma tunda, haimwagilii mti.

Basi nadai mambo mepesi. Kila chama cha washairi kiteue wasomaji wa miswada, watakaosoma hadi mwisho na kusema kweli, maana "hongera malenga" si uhakiki. Kiwe na siku moja ya kila mwezi ya kusomeana, mwenye shahada na asiye nayo waketi jamvi moja. Kiwe na mfuko wa kupiga chapa diwani moja kila mwaka, na wanachama wainunue badala ya kuomba nakala ya bure.

Kuchanga tutachanga tu, kwa kuwa hatujawahi kushindwa kununua sanda. Mimi nataka tuchange mapema, mshairi akiwa hai, akishike kitabu chake kwa mkono wake.